Mficha Maradhi: Somo Juu ya Pombe, Kazi na Woga wa Kusema

Wahenga walisema, "Mficha maradhi, kifo humuumbua." Methali hii sote tunaijua. Lakini tukisikia neno maradhi, mara nyingi tunafikiria homa, kuhara au kifua kikuu. Leo tutasoma juu ya maradhi ambayo watu huyaficha sana. Ni ulevi uliomshika mtu mpaka hawezi kuuacha mwenyewe.

Tutajiuliza swali moja tu. Mtu mwenye kazi, ambaye pombe imemshinda, afanye nini ikiwa anaogopa kwamba akisema atafukuzwa?

Someni polepole. Kama mnasoma katika kikundi, mmoja asome kwa sauti na wengine wasikilize. Mwisho wa somo yapo maneno ya kujifunza, hesabu na maswali.

KARANI WA MIZANI

Nitaanza na jambo nililoliona mwenyewe. Jina la mtu huyu sitalitaja, wala kijiji chake. Nitamwita Karani.

Karani alikuwa mwanakisomo kama ninyi. Alianza kujifunza a, e, i, o, u akiwa na umri wa miaka zaidi ya 40. Alijitahidi mpaka akaweza kusoma, kuandika na kuhesabu vizuri. Chama cha ushirika kikamwajiri. Wakati wa msimu alipima pamba, akaandika kilo katika daftari na kumpa mkulima stakabadhi. Msimu ukiisha alitunza ghala. Watu walimheshimu. Mtu aliyekuwa akitia dole gumba, sasa ndiye anayewaandikia wengine!

Karani alikunywa pombe. Mwanzo ilikuwa jioni tu, kilabuni, pamoja na wenzake. Baadaye ikawa kila siku. Kisha pombe ya mtama ikawa haimtoshi, akahamia kwenye gongo. Ikafika mahali akiamka asubuhi mikono inatetemeka, jasho linamtoka, na moyo unamwenda mbio. Akaona kwamba akipata mafunda mawili ya gongo, mikono inatulia. Basi kila alfajiri akawa anazimua kwanza, ndipo aende kwenye mizani. Chupa aliificha ghalani, nyuma ya magunia. Alitafuna tangawizi ili asinuke. Aliamini hakuna anayejua.

Siku moja mama mmoja alileta pamba yake. Mizani ilionyesha kilo 64. Karani akaandika 46. Lakini yule mama naye alikuwa amehitimu kisomo. Aliisoma stakabadhi palepale, akasema, "Kaka, hii siyo namba yangu."

Karani alisahihisha. Watu kwenye foleni wakanyamaza kimya. Kama yule mama asingejua kusoma, angepoteza kilo 18 za jasho lake.

Usiku ule nilisikia hodi mlangoni. Alikuwa Karani. Alikaa muda mrefu bila kusema. Kisha akasema:

"Mwalimu, sikutaka kumwibia yule mama. Jicho liliona sita na nne, mkono ukaandika nne na sita."

Nikamwambia, "Kaka, kesho twende zahanati. Nitakusindikiza."

Akashtuka. "Zahanati? Nikienda kule kijiji kizima kitajua. Mwenyekiti wa chama akisikia, kazi sina. Watoto watatu wako shule. Mwalimu, mie nimetia dole gumba zaidi ya miaka 40. Unataka nirudi kuwa yule yule?"

Ndugu wasomaji, hapo ndipo penye shina la somo letu. Karani hakuwa mjinga. Alijua kwamba anaumwa. Kilichomzuia ni woga. Na woga wake ulikuwa na sababu, kwa maana kweli wapo watu waliopoteza kazi kwa ajili ya pombe. Sikuweza kumwambia, "Usiogope, hakuna neno." Ningekuwa namdanganya. Badala yake nilimsimulia habari ya mtu mwingine aliyeogopa vile vile.

DAKTARI ALIYEFICHA CHUPA

Mtu huyo aliishi mbali, Marekani, katika mji wa Akron, jimbo la Ohio. Mji huo ulijulikana sana kwa viwanda vya matairi. Aliitwa Robert Smith, na watu wanamkumbuka kwa jina la Daktari Bob. Alizaliwa mwaka 1879. Kazi yake ilikuwa upasuaji.

Daktari Bob alikunywa kwa miaka mingi. Asubuhi mikono yake ilitetemeka, na daktari wa upasuaji hawezi kushika kisu kwa mikono ya namna hiyo. Kwa hiyo alikunywa dawa za kutuliza ili aweze kufanya kazi mchana. Usiku alilewa tena. Chupa alizificha nyumbani kila mahali: katika makaa ya mawe, hata juu ya boriti. Wagonjwa wakapungua. Madeni yakaongezeka.

Mwezi Mei mwaka 1935 alifika Akron mfanyabiashara kutoka New York, jina lake Bill Wilson. Bill naye alikuwa mlevi. Pombe ilikuwa imemharibia kazi yake ya kuuza na kununua hisa. Alikuwa ameacha kunywa tangu Desemba 1934. Biashara iliyompeleka Akron ilishindikana, naye akajikuta peke yake hotelini, na tamaa ya pombe ikamrudia. Akawaza kwamba akipata mlevi mwenzake wa kuzungumza naye, huenda wote wawili watasaidika. Akapiga simu makanisani kuulizia, mpaka akaelekezwa kwa Daktari Bob.

Daktari alisema atampa dakika 15 tu. Walizungumza kwa saa nyingi mpaka usiku. Kwa mara ya kwanza Daktari Bob alizungumza na mtu aliyeujua ulevi kwa kuupitia mwenyewe. Mtu huyo hakumhubiria wala kumkaripia.

Lakini lipo jambo moja ambalo Daktari Bob alilikataa katakata. Hakutaka watu wa mjini wajue. Alisema yuko tayari kufanya lolote, ila hilo hawezi. Aliamini kwamba akikiri mbele za watu, wagonjwa wachache waliobaki watamkimbia, na kazi yake itakuwa imekwisha. Mnaona? Ni maneno ya Karani yale yale.

Basi akaacha pombe huku akiendelea kuficha. Haikupita muda mrefu akaanguka. Alisafiri kwenda mkutano wa madaktari, akalewa vibaya, akarudi nyumbani hajiwezi. Na alikuwa na mgonjwa wa kupasuliwa baada ya siku chache.

Mwezi Juni 1935 alifanya upasuaji ule. Alipotoka hospitali hakwenda nyumbani. Mke wake na Bill walingoja kwa wasiwasi, wakidhani amekwenda kunywa. Kumbe alikuwa akizunguka mjini kwa watu aliowaogopa na watu aliowadai msamaha, mmoja baada ya mwingine, akiwaambia ukweli. Na alishangaa kwa mambo mawili. La kwanza, walimpokea vizuri. La pili, wengi walikuwa wanajua zamani kwamba yeye ni mlevi!

Siri aliyoilinda kwa miaka mingi haikuwa siri. Alikuwa akijificha nyuma ya mlango ulio wazi.

Daktari Bob hakunywa tena mpaka alipofariki mwaka 1950. Hakupoteza udaktari. Yeye na Bill walianzisha vikundi vya walevi wanaosaidiana kuacha pombe, na leo vikundi hivyo vipo katika nchi nyingi duniani. Yeye mwenyewe aliwahudumia walevi takriban 5,000 bila malipo.

Nilipomaliza, Karani aliniuliza, "Mwalimu, na hapa kwetu wanajua?"

Nikamjibu, "Kaka, leo kwenye mizani ulisikia kicheko?"

"Sikusikia."

"Watu walinyamaza kwa sababu wanajua. Wanangoja wewe useme."

KWA NINI TUNASEMA NI MARADHI

Huenda mtu akasema, "Ulevi ni tabia mbaya tu. Aache." Tuangalie mwili unavyofanya kazi.

Pombe hupunguza mwendo wa ubongo. Mtu akinywa sana kila siku kwa muda mrefu, ubongo hujizoesha. Hufanya kazi kwa nguvu zaidi ili kushindana na pombe. Ni kama watu wawili wanaosukumana mlangoni, mmoja ndani na mwingine nje. Yule wa nje akiondoka ghafula, yule wa ndani hujikuta amerukia uani. Vivyo hivyo pombe ikiondoka ghafula, ubongo hukimbia ovyo. Ndiyo sababu mikono inatetemeka, jasho linatoka na usingizi unapotea.

Mwaka 1956 Chama cha Madaktari cha Marekani kilitamka kwamba ulevi ni ugonjwa. Shirika la Afya Duniani nalo limeuweka utegemezi wa pombe katika orodha yake ya magonjwa.

Sasa sikilizeni kwa makini, maana hapa pana hatari. Mtu anayekunywa sana kila siku, na anayetetemeka asipokunywa, asiache ghafula peke yake nyumbani. Anaweza kupata kifafa, mara nyingi katika siku mbili za kwanza. Anaweza kuchanganyikiwa, kuona vitu visivyokuwapo, na kupata homa. Anaweza hata kufa. Ukimwona mtu katika hali hiyo, usiseme amerogwa. Mpeleke hospitali upesi. Zipo dawa za kuutuliza mwili katika siku hizo, na wagonjwa hupewa pia vitamini B1, ambayo ulevi huipunguza mwilini.

MASWALI MANNE YA KUJIPIMA

Mwaka 1984 daktari wa Marekani aitwaye John Ewing aliandika katika jarida la madaktari juu ya maswali manne mafupi. Madaktari wa nchi nyingi huyatumia. Jiulize mwenyewe, na usimjibu mtu mwingine ila nafsi yako:

1. Je, umewahi kuona kwamba yafaa upunguze pombe?
2. Je, watu wamewahi kukuudhi kwa kukusema juu ya unywaji wako?
3. Je, umewahi kuona vibaya au kujilaumu kwa sababu ya kunywa?
4. Je, umewahi kunywa pombe asubuhi mara tu unapoamka, ili kutuliza mwili au kuondoa uchovu wa pombe ya jana?

Ukijibu "ndiyo" mara mbili au zaidi, nenda ukazungumze na mganga. Karani alijibu "ndiyo" mara nne.

AMBIA NANI KWANZA?

Wengi hudhani kusema ni kusimama mkutanoni na kujitangaza. Sivyo. Kusema kuna utaratibu wake.

Kwanza, mwambie mganga. Mganga wa zahanati amefungwa na maadili ya kazi yake kutunza siri za wagonjwa. Ukiona haya kwa mganga wa kijijini kwenu, nenda kituo cha afya kingine au hospitali ya wilaya. Akiona hali ni nzito, atakuandikia barua ya kwenda hospitali kubwa zaidi. Hospitali ya Mirembe, Dodoma, na Hospitali ya Taifa ya Muhimbili, Dar es Salaam, zina wataalamu wa maradhi ya akili na uraibu.

Pili, mwambie mtu mmoja wa karibu unayemwamini. Awe mke, mume, ndugu au rafiki asiyekunywa. Huyu ndiye atakayekaa nawe jioni, wakati miguu inapotaka kwenda kilabuni.

Tatu, mwambie mkuu wako wa kazi, mkononi ukiwa na cheti cha daktari. Nenda ukiwa mzima, asubuhi, kabla hujakosea kazini. Mtu anayekuja mwenyewe kusema "Ninaumwa, nimeanza matibabu" hatazamwi sawa na mtu aliyekutwa amelala chini ya mizani.

Lakini kama kazi yako inashika maisha ya watu, usingoje hatua ya tatu. Dereva, mlinzi mwenye silaha, mwendesha mashine, mkunga: ukiwa umelewa au unatetemeka, usiishike kazi siku hiyo. Kazi ikipotea unaweza kutafuta nyingine. Mtu akifa hatarudi.

SHERIA INASEMAJE?

Tanzania Bara tunayo Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004. Mambo matatu yafaa tuyajue.

Mwajiri hawezi kumwachisha mtu kazi hivi hivi. Lazima awe na sababu halali, na lazima afuate utaratibu wa haki.

Mfanyakazi aliyetimiza miezi 6 kazini ana haki ya likizo ya ugonjwa. Katika kila mzunguko wa miezi 36 ni siku 126. Siku 63 za kwanza hulipwa mshahara kamili, na siku 63 zinazofuata hulipwa nusu mshahara. Lazima alete cheti cha daktari. Watumishi wa serikali wana taratibu zao, wawaulize maafisa utumishi wao.

Mtu akiona ameachishwa bila haki, anaweza kupeleka malalamiko Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Asichelewe, kwa maana muda ni siku 30 tu.

Lakini tusidanganyane. Sheria hii haimpi mtu ruhusa ya kulewa kazini. Anayekutwa amelewa kazini anaweza kuadhibiwa, na anaweza kufukuzwa. Ndiyo sababu nasema: cheti cha daktari kitangulie, aibu isitangulie.

KARANI ALIFANYA NINI

Asubuhi iliyofuata tulikwenda zahanati. Mganga alimpima, akamwandikia barua ya kwenda hospitali ya wilaya. Kabla ya kuondoka, Karani alikwenda kwa mwenyekiti wa chama. Mimi nilibaki nje. Baadaye alinisimulia.

"Nilimwamkia, Shikamoo Mwenyekiti. Akaitika. Nikamwambia yote, hata ile chupa ya ghalani. Akanitazama, akasema, 'Ile ya nyuma ya magunia? Tuliiona tangu msimu wa jana.'"

Mwenyekiti hakumfukuza. Lakini hakumrudisha kwenye mizani pia. Karani alikaa katika matibabu siku 21 kwa likizo ya ugonjwa. Aliporudi alipewa kazi ya kuhesabu magunia mpaka msimu ukaisha, na mizani akapewa mtu mwingine. Jambo hilo lilimuuma sana. Kila siku alimwona mwenzake akiandika stakabadhi kwa kalamu iliyokuwa yake.

Miezi minne baadaye, kwenye harusi ya mpwa wake, alikunywa tena. Alikunywa siku mbili. Siku ya tatu alirudi kwa mganga mwenyewe, bila kusindikizwa na mtu. Mganga alimwambia kwamba kuanguka ni jambo linalowapata wengi, na mgonjwa wa namna hiyo huanza matibabu tena.

Msimu uliofuata alirudishwa kwenye mizani. Mtu wa kwanza kwenye foleni alikuwa yule mama wa kilo 64. Karani alipima, akaandika, akampa stakabadhi. Mama akaisoma polepole, namba moja moja. Kisha akaikunja, akaitia kwenye pindo la khanga yake.

"Ni sawa, kaka," akasema.

KWA MAJIRANI NA VIONGOZI

Mlevi anapokuja kusema, ametumia nguvu nyingi kufika mlangoni kwako. Usimcheke. Usimwambie "Sisi tulijua" kwa kejeli. Usimnunulie "moja tu ya kupoza koo". Kiongozi wa kazi, ukimwondoa mahali pa hatari unafanya vizuri. Ukimfukuza siku ile ile aliyosema, utakuwa umewafundisha wengine wote kuficha.

Na wewe unayesoma somo hili huku ukijificha, jua kwamba pengine kijiji kinajua tayari. Anayengojwa ni wewe. Zahanati hufunguliwa asubuhi. Nenda.

MANENO YA KUJIFUNZA

Kuumbua: kumwaibisha mtu kwa kuidhihirisha siri yake.
Kuzimua: kunywa pombe asubuhi ili kuondoa uchovu wa pombe ya jana.
Uraibu: hali ya mtu kutawaliwa na pombe, tumbaku au dawa mpaka hawezi kuacha.
Stakabadhi: karatasi inayoonyesha kitu kilichopokelewa.
Maadili: kanuni za mwenendo mwema kazini.

HESABU

1. Mizani ilionyesha kilo 64, stakabadhi ikaandikwa kilo 46. Mkulima angepoteza kilo ngapi?
2. Karani alitumia siku 21 katika zile siku 63 za mshahara kamili. Zilibaki siku ngapi?

MASWALI YA KUJADILI

1. Kwa nini Karani aliogopa kwenda zahanati? Je, woga wake ulikuwa na msingi?
2. Daktari Bob alishangaa nini alipowaambia watu ukweli?
3. Kwa nini ni hatari kwa mlevi wa kila siku kuacha pombe ghafula peke yake?
4. Kama wewe ungekuwa mwenyekiti wa chama, ungemfanyia nini Karani? Toeni sababu.
5. Kijijini kwenu, mtu akitaka kuacha pombe, jioni atakwenda wapi badala ya kilabuni? Kama hakuna mahali, mnaweza kuanzisha nini?